Sura ya Sita: Bosi Anapopandisha Presha

Kwa miaka mingi presha na sukari zilihesabiwa mitaani kwetu kuwa magonjwa ya wakubwa. Mwenye kitambi, gari la ofisi na simu isiyonyamaza ndiye aliyesemwa kuwa mawazo yatamuua. Tarishi wake, asiye na uamuzi wowote wa kumkosesha usingizi, alidhaniwa yuko salama. Hata madaktari wa Ulaya na Marekani waliwahi kuamini hivyo. Waliokuja kuivunja imani hiyo ni watumishi wa serikali ya Uingereza, na waliivunja kwa vifo vyao.

Mwaka 1967 watafiti walianza kuwapima wanaume zaidi ya 17,000 waliofanya kazi katika ofisi za serikali jijini London, nyingi zikiwa mtaa wa Whitehall na viunga vyake. Hakuna kati yao aliyeshuka mgodini wala kubeba magunia bandarini. Wote walikuwa na ajira ya kudumu na mshahara wa uhakika, na wote walitibiwa bure katika hospitali za umma. Kilichowatenganisha hasa ni cheo, na cheo kiliwafuata hadi makaburini. Matarishi na mabawabu walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu ya maofisa wa ngazi ya juu kabisa. Isitoshe, jambo hili halikuwa la juu na chini peke yake. Lilishuka ngazi kwa ngazi, kiasi kwamba hata ofisa mwenye heshima zake, aliyekalia kiti cha pili kutoka juu, alikuwa na hali mbaya kuliko aliye juu yake.

Wapo waliojibu upesi kwamba watu wa chini walivuta sigara zaidi. Ni kweli walivuta zaidi. Lakini sigara, presha, lehemu na sukari zilipoingizwa kwenye hesabu, zaidi ya nusu ya pengo lile ilibaki palepale.

Michael Marmot, daktari aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye swali hili, aliongoza utafiti wa pili ulioanza mwaka 1985 na kuwachukua watumishi 10,308, safari hii wanawake wakiwemo. Sasa watu waliulizwa habari za kazi yenyewe. Je, una nafasi ya kuamua utaifanyaje kazi yako? Unaweza kupumzika unapochoka? Maswali haya yalitokana na hoja ya Mmarekani Robert Karasek, aliyeandika mwaka 1979 kwamba wingi wa kazi peke yake si hatari kubwa. Hatari ni kubebeshwa mengi huku huna kauli. Majibu yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kuwa kukosa kauli kunaeleza sehemu kubwa ya tofauti ya ugonjwa wa moyo kati ya vyeo, kuliko hata vitu tulivyozoea kulaumu.

Kutoka hapo ilikuwa hatua fupi kumfikia msimamizi. Watumishi walewale walikuwa wameulizwa pia kama bosi huwasikiliza wakiwa na shida, kama huwapa taarifa za kutosha, kama huwalaumu bila haki na kama huwasifu. Miaka ikapita, na mwaka 2005 matokeo yakatoka: wanaume waliosema wanatendewa haki walipata ugonjwa wa moyo pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko wenzao.

Mwilini jambo hili lina njia yake. Mtu akifokewa mbele ya wenzake, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini papo hapo. Moyo unakwenda mbio, mishipa ya damu inabana, ini linaachia sukari. Dakika chache baadaye homoni ya kotisoli inafuata na kuuweka mwili katika hali ya tahadhari. Mpango huu umeumbwa kwa hatari inayokuja na kuondoka, na kufokewa kwenyewe huondoka. Kinachobaki ni kungojea kufokewa tena. Mtu anaanza kuingojea Jumatatu tangu Jumapili jioni. Usiku, saa ambazo presha inapaswa kushuka na kotisoli kupungua, yeye bado anajibu hoja za kikao cha kesho kichwani mwake. Hali hiyo ikiendelea miaka, mafuta hujikusanya tumboni, sukari hukaa juu, kuta za mishipa huchakaa.

Utafiti ninaourudia mara nyingi kuliko mwingine wowote ni mdogo sana. Ulichapishwa Uingereza mwaka 2003 na uliwahusu wauguzi wasaidizi wa kike wasiozidi 30. Baadhi yao walikuwa na wasimamizi wawili waliopishana zamu, mmoja wanayemwona mwema na mwenye haki, mwingine wanayemwona kinyume chake. Walivalishwa kipimo cha presha mkononi, kile kinachojipima chenyewe kila baada ya muda, wakaenda kazini kama kawaida. Mahali pa kazi ni palepale. Siku ya msimamizi wasiyempenda, presha ya juu ilikuwa imepanda kwa alama 15 na ya chini kwa alama 7 ukilinganisha na siku ya yule mwingine. Aliyewahi kupimwa zahanati anajua alama 15 ni nini: mtu wa 130 anasoma 145, na mazungumzo na daktari yanabadilika. Wauguzi walewale walikuwa na miili miwili tofauti kutegemea jina lililoandikwa kwenye ratiba ya zamu.

Ushahidi mwingine umetoka kwetu Afrika Mashariki, kwenye nyasi za Maasai Mara. Mwanasayansi Robert Sapolsky alianza kuwafuatilia nyani wa huko mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliwalenga kwa bomba la kupuliza mshale wenye dawa ya usingizi, akachukua damu, akapima homoni. Madume ya chini, yanayonyang'anywa chakula na kupigwa bila kosa, yalikuwa na kotisoli nyingi hata siku tulivu. Hadi hapo ungeweza kusema ndiyo maumbile, wa chini ni wa kuteseka.

Kisha katikati ya miaka ya 1980 kifua kikuu kiliingia kupitia nyama mbovu katika shimo la taka la hoteli moja ya watalii. Madume katili ya kundi alilokuwa akilifuatilia yalikuwa na desturi ya kwenda kupigania chakula kwenye shimo hilo, na ndiyo yaliyokufa. Yakabaki madume mapole, pamoja na majike na watoto. Vyeo havikufutika, kwani bado palikuwa na wa juu na wa chini. Kilichopotea ni desturi ya mkubwa kumalizia hasira kwa mdogo. Madume ya chini yalipopimwa tena, dalili zile za mateso hazikuonekana. Jambo la ajabu kuliko yote ni kwamba miaka ilivyopita madume yale ya mwanzo yote yalitoweka, mageni yakahamia kutoka makundi mengine yenye ukali uleule wa kawaida, na bado upole wa kundi ukaendelea. Wageni walijifunza kwamba hapa mambo hayaendi hivyo. Sapolsky na mkewe, Lisa Share, walichapisha habari hii mwaka 2004. Binadamu si nyani, nakubali. Lakini anayesema kuwa ukali wa wakubwa ni sheria ya maumbile amenyang'anywa shahidi aliyemtegemea.

Lazima niseme pia ukubwa halisi wa jambo hili. Mwaka 2012 takwimu za watu wa Ulaya karibu 200,000 zilipounganishwa, waliobebeshwa kazi nyingi bila kauli walikuwa na hatari ya ugonjwa wa moyo iliyozidi kwa asilimia 23. Sigara inaua kuliko hapo. Saa za kazi nazo zina uzito wake. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Mlinzi anayekesha getini saa 12 kwa siku 6 anafikisha saa 72.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vipimo hivi vyote vilitengenezwa kwa watu wenye vyeo, mikataba na ofisi ya utumishi ya kupeleka malalamiko. Dada wa kazi anayelala jikoni au kwenye kijichumba cha nyuma hana Jumapili jioni ya kuiogopa, kwa sababu hatoki kazini. Aliyekwenda kufanya kazi za ndani katika nchi kadhaa za Ghuba ana zaidi ya hayo, maana kibali chake cha kuishi nchini kimefungwa kwa mwajiri, na mara nyingi pasipoti iko kabatini kwa mwajiri huyohuyo. Tukisema kukosa kauli ni sumu, hao ndio wanaoinywa bila kuchanganywa na maji, na ndio wasiopimwa.

Bosi mwema, kwa upande wa afya, hahitaji kuwa mtakatifu. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya wanaume zaidi ya 3,000 wa Stockholm, waliofuatiliwa karibu miaka 10. Walikuwa wameulizwa mambo ya kawaida kabisa: bosi wangu hunipa taarifa ninazohitaji, hueleza malengo ya kazi nikaelewa sehemu yangu, hunisifu nikifanya vizuri na kunikosoa nikikosea, hujali hali yangu, na mamlaka niliyopewa yanatosha kwa majukumu niliyonayo. Waliowapa mabosi wao alama nzuri walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache, na uhusiano huo ulizidi nguvu kadiri mtu alivyokaa mahali pale kwa miaka mingi zaidi. Kukosoa kumo kwenye orodha. Mfanyakazi hadhuriki kwa kuambiwa amekosea, bali kwa kutojua lini ataambiwa, mbele ya nani na kwa kosa gani.

Kama una mashaka na kazi yako, azima au nunua kipimo cha presha cha mkononi. Jipime siku za kazi na siku za mapumziko, kwa saa zilezile, ukiwa umekaa na kutulia dakika tano, kisha andika namba kwenye daftari pamoja na zamu uliyokuwa nayo. Kama tayari unatumia dawa, usiziache. Peleka daftari hilo kliniki, na daktari asipouliza habari za kazi, mwambie mwenyewe ni saa ngapi unafanya na chini ya nani, kama unavyomwambia kwamba mama yako alikuwa na sukari.