Kumchagua Samaki Mpiganaji

Katika nchi ya Thailand, iliyoitwa Siam hapo zamani, yuko samaki mdogo mwenye mapezi marefu, naye ni mkali mno. Madume wawili wakitiwa katika chombo kimoja huraruana, hata pengine mmoja akafa. Ndiyo sababu sokoni kila dume hukaa peke yake. Mwaka 2019 serikali ya huko ilimfanya kuwa mnyama wa majini wa taifa.

Mnunuzi mgeni huvutwa na rangi, akarudi nyumbani na mgonjwa aliyevaa hariri. Sisi twasema rangi iwe ya mwisho. Kwanza tumwonyeshe kioo. Dume mzima hudhani amwona adui: hukunjua mapezi yote na kufutua mashavu. Asiyejali kioo amechoka, au ana baridi, au ni mgonjwa, tumwache. Kisha tumtazame kutoka juu. Magamba yakisimama kama manyoya ya kuku mgonjwa, mwili umejaa maji, na ni shida kupona. Pezi lililochanika si neno, litaota tena. Lililooza ukingoni tulikatae. Akipanda kuvuta hewa tusiogope, ndivyo alivyoumbwa.

Tena kioo kiondolewe upesi, maana hasira ya kutwa humdhoofisha.