Anayepiga ni Nani, na Yuko Wapi?

Nilikuwa opereta wa simu Singida mjini enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa miaka ya 1990. Ukitaka kuongea na ndugu yako Dar es Salaam ulibuku, ukakaa kwenye benchi, ukasubiri hadi nichomeke waya kwenye ubao na kukuita. Taa ikiwaka nilijua ni ya kituo cha polisi, ya misheni au ya duka fulani Ipembe. Mtu hakuweza kunidanganya kwamba yuko Kiomboi wakati taa iliyowaka ni ya Majengo. Basi mjukuu wangu aliponisimulia yaliyotokea Wichita, swali langu la kwanza halikuwa la bunduki. Nilimuuliza: kwani opereta wao hakuona simu inatoka wapi?

Wichita ni mji wa jimbo la Kansas, Marekani. Desemba 2017 vijana wawili waligombana kwenye mchezo wa vita wa kompyuta uitwao Call of Duty: WWII. Dau lilikuwa dola 1.50, pesa isiyotosha hata kuku wa kienyeji hapa kwetu. Mmoja akamwendea kijana wa tatu, Tyler Barriss, aliyekuwa Los Angeles, amwombe ampelekee mwenzake polisi. Huyo mwenzake, kwa jeuri ya ujana, akataja anwani ya nyumba ambayo yeye na familia yake walishahama, kama kusema jaribu tuone. Barriss akapiga simu tarehe 28. Alidai amempiga baba yake risasi ya kichwa, amewashikilia mateka mama na ndugu yake, na amemwaga petroli ndani ya nyumba.

Polisi wakaizingira nyumba. Aliyekuwa akiishi mle ni Andrew Finch, mwenye miaka 28, baba wa watoto wawili, asiyewajua wachezaji wala mchezo wao. Akaona mwanga nje, akafungua mlango aangalie kuna nini. Askari aliyekuwa ng'ambo ya barabara akafyatua risasi moja, na Finch akafa. Machi 2019 Barriss alihukumiwa kifungo cha miaka 20.

Jibu la swali langu nililipata baadaye, na ndilo lililonikosesha usingizi. Kama Barriss angepiga moja kwa moja 911, namba yao ya dharura, simu ingepokelewa Los Angeles alikokuwa. Kwa hiyo alitumia intaneti ya maktaba ya umma, akachukua kwenye programu ya simu namba yenye tarakimu za mwanzo za Wichita, kisha akapiga namba ya kawaida ya ofisi za jiji. Mlinzi wa pale, akidhani anaokoa maisha, akamuunganisha na 911. Mpokeaji akaona namba ya Wichita. Ubaoni kwangu ingekuwa taa ya Majengo imewashwa na mtu aliyeko ng'ambo ya bahari.

Wamarekani wanaita hila hii swatting, kwa jina la vikosi vyao vya SWAT vinavyovunja milango, na FBI ilianza kuionya jamii tangu 2008. Tangu hapo imekuwa biashara. Kijana wa California, Alan Filion, alianza akiwa na miaka 16, akapiga simu zaidi ya 375 kati ya Agosti 2022 na Januari 2024: shuleni, vyuoni, kwenye nyumba za viongozi, hata kutishia kuua watu katika msikiti mmoja wa Florida. Alitangaza huduma yake kwa malipo. Februari 2025 alifungwa miaka minne. Siku za Krismasi 2023 zilijaa simu za namna hiyo kwenye nyumba za wabunge, majaji na waendesha mashtaka wao.

Huku kwetu simu za uongo zipo, ila mara nyingi hazileti bunduki. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji limelalamika mara kwa mara kuhusu watu wanaopiga 114 kwa mchezo, wengi wao watoto walioachiwa simu. Tumezoea kuwasema zimamoto kwamba hufika nyumba imeshateketea. Hatuulizi gari lilikuwa limetumwa wapi saa ile.

Nimefikiri sana kwa nini hila ya Wichita haijatufikia, na sidhani ni kwa sababu sisi ni wema zaidi. Ni kwamba mpaka juzi, kumwelekeza polisi nyumba ya mtu Singida kulihitaji uijue nyumba yenyewe. Ungeanza na kinu cha kukamua alizeti, ukaja kwenye jiwe kubwa lenye mpasuko, ukakata kulia kwenye mkaratusi, ukataja nyumba ya nani iliyo mbele yake. Mtu wa mbali angekwama kwenye kinu. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi: barabara zikapata majina na vibao, nyumba zikapata namba. Niliifurahia. Mjamzito anayehitaji usafiri wa m-mama kwa namba 115 anastahili nyumba inayopatikana upesi. Ila anwani ileile inayomsaidia dereva inamsaidia pia mwongo aliyeko Mwanza, au London, ambaye hajawahi kuona hata ziwa Singidani.

Watu hunijibu kwamba laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Ni kweli, na waliokuwa hawajasajiliwa walianza kuzimiwa laini Januari 2020. Anayepiga uongo kwa laini yake mwenyewe anajikamatisha. Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa mhalifu mtu anayempa mtumishi wa umma taarifa anazojua ni za uongo, na tangu 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao. Lakini kuna laini zilizosajiliwa kwa vidole vya mtu mwingine, mara nyingi bibi aliyeambiwa na kijana wa mtaani aweke kidole tena kwa kuwa cha kwanza hakikusoma. Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Halafu kuna simu za intaneti, ambazo kidole chako hazina habari nacho.

Kuna wanaosema turudi kwenye yowe, kwa kuwa yowe lina mwenyewe. Nalijua yowe. Sungusungu walipoanza Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ukiwa umezidi na bunduki zimezagaa baada ya vita vya Kagera, hawakuchukua muda kufika Singida na upinde, mishale na filimbi. Bunge likawatambua 1989 kupitia marekebisho ya sheria za mgambo. Yowe likipigwa kijijini kwetu, wanaume wote walitoka. Aliyebaki kitandani alitozwa faini. Na aliyelipiga alijulikana kwa sauti na kwa upande lilikotokea. Kulipokucha alisimama mbele ya wazee akaeleza.

Pamoja na hayo, yowe limeua. Mtu mmoja akiita "mwizi" stendi, wanaokuja na mawe hawaulizi kaiba nini. Vikongwe wa kanda hii wameuawa kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni na ramli chonganishi ya mganga, na waliowanyooshea kidole walikuwa majirani waliokunywa togwa yao. Ujirani unabeba na visasi. Mgogoro wa mpaka wa shamba unatosha kumfanya mtu aape kwamba jirani yake anaficha silaha.

Kwa hiyo nikipigiwa na mkaguzi wa polisi wa kata usiku, maana sasa ni mjumbe wa shina, sipendi aniulize fulani ni mtu wa namna gani. Namwambia: niulize naona nini. Taa yao inawaka? Mbwa analia? Nimesikia mlio wowote? Hayo naweza kumjibu nikiwa dirishani, hata kama mwenye nyumba ananidai. Na mpokeaji wa 112, namba yetu ya dharura, amuulize anayepiga mambo ambayo aliyeko pale anayajua bila kufikiri: mlango unatazama wapi, nyuma kuna nini, msikiti ulio karibu umeshaadhini? Sauti pekee haitoshi tena. Mwaka 2023 Marekani kulipigwa simu za namna hii kwa sauti iliyotengenezwa na kompyuta.

Jirani yangu, dereva wa bodaboda, alinipinga kwa hasira.

"Bibi, mimi nimevamiwa na majambazi, wewe unaniuliza habari za adhana?"

Nilimwambia kwenye ubao tulitumia mikono na mdomo kwa pamoja. Mkono unachomeka waya, mdomo unaendelea na mteja. Gari la polisi liondoke mara moja, maswali yaendelee, na majibu yawafikie askari njiani kwa redio kabla hawajafika mlangoni.