Je, Wajua? Pishori Hunyweshwa na Mlima Kenya

Wali wa pishori unaonukia hadi kwa jirani una deni kwa Mlima Kenya. Mito ya Thiba na Nyamindi hushuka kutoka huko na kumwagilia mashamba ya Mwea, Kirinyaga. Mradi huo wa umwagiliaji ulianzishwa miaka ya 1950 kwa jasho la watu waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari ya ukoloni, na jasho hilo halistahili kusahaulika.

Ukisafiri kuelekea Nyeri, pitia kwanza vinu vya mpunga vya Wang'uru, huko Mwea.

Pishori huchanganywa sana na mchele wa bei nafuu, kwa hiyo nusa kabla ya kulipa: ulio halisi hunukia hata kabla ya kupikwa.