Harufu ya Samaki na Wapangaji wa Tumboni

Yeyote aliyewahi kupita penye meza za samaki wakati wa alasiri, jua likiwa limekwisha kuwapiga vibua waliokosa mnunuzi tangu asubuhi, anaijua harufu ya trimethilamini hata kama jina lake hajapata kulisikia. Nayo harufu hiyo, izaliwayo na bakteria wanaomla samaki aliyeanza kuvunda, ina nduguye ndani ya utumbo mpana wetu sote, ambamo umati wa bakteria huivunja kolini ya kiini cha yai na karnitini ya nyama nyekundu, wakatoa trimethilamini ile ile, ambayo damu huichukua hadi kwenye ini, na ini huitia oksijeni ikawa kitu kisichonuka, kiitwacho kwa ufupi TMAO.

Kitu hiki kiliwashughulisha matabibu wa moyo tangu 2011, Stanley Hazen na wenziwe wa Cleveland Clinic, Marekani, walipokihusisha na maradhi ya mishipa. Mnamo 2013 waliwalisha watu wenye afya mayai mawili ya kuchemsha, TMAO ikapanda. Wakawanywesha antibiotiki kwa juma zima, wakawalisha mayai yale yale, nayo ikawa karibu haionekani. Dawa zilipokoma na bakteria wakarejea, ikarejea pamoja nao. Kadhalika, katika wagonjwa 4007 waliofuatwa kwa miaka 3, robo iliyokuwa na TMAO nyingi kuliko wote ilikabiliwa na hatari ya shtuko la moyo, kiharusi au mauti kiasi cha mara mbili na nusu ya ile robo iliyokuwa na kidogo. Lakini jambo linalonistaajabisha zaidi ni la yule asiyeonja nyama kwa miaka, aliyekubali kwa ajili ya elimu kula mnofu wa ng'ombe: TMAO yake haikupanda ila chembe, maana wapangaji wake hawakuzoea posho ya namna hiyo.

Hata hivyo hadhari yafaa. Samaki wa baharini amejaaliwa TMAO mwilini mwake, imsaidie kustahimili chumvi na uzito wa maji, na amlaye huipandisha damuni kupita mla mayai, ilhali matabibu aghalabu humsifia mgonjwa wa moyo kitoweo hicho hicho. Aidha figo ndizo ziitoazo kwa mkojo, hata zikidhoofika hurundikana, basi huenda mara nyingine ikawa ni dalili ya ugonjwa na wala si chanzo chake. Nami sioni sababu ya kumpokonya mtu yai lake.

Ninachokiegemea kwa yakini zaidi ni upande wa pili wa sahani. Nyuzinyuzi za kunde, mbaazi na mtama, ambazo matumbo yetu hayana uwezo wa kuzisaga, bakteria huzichachusha wakatoa asetati, propionati na butirati. Hiyo ya mwisho ndiyo posho kuu ya seli za ukuta wa utumbo mpana, na zote tatu huchochea homoni ziletazo shibe na kuisaidia insulini.

Nguvu ya sahani hiyo ilionekana katika utafiti wa mkoa wa Kilimanjaro uliotangazwa 2025, ulioshirikisha wanaume 77: baadhi ya wa vijijini walihamishiwa mkate mweupe, soseji na chipsi kwa majuma mawili, na dalili za uvimbe zikapanda katika damu yao, wa mjini waliorudishwa kwenye vyakula vya asili zikapungua, na hata waliokunywa mbege ya ndizi na ulezi kwa juma moja tu walionyesha nafuu. Majuma manne baadaye, baadhi ya athari hizo zilikuwa hazijafutika.