Maji Kwenye Mpira wa CPAP: Tuanze na Baridi

Mtu anayepewa kwa mara ya kwanza mashine ya CPAP, inayompulizia hewa alalapo, huelezwa mengi kuhusu barakoa na mikanda yake, shinikizo la hewa na matumizi ya umeme, lakini mara chache huelezwa kuhusu maji. Kisha usiku mmoja, saa tisa au saa kumi, mpira unaoleta hewa unaanza kububujika, barakoa inalowa, na tone baridi linamrukia puani. Anakurupuka, anavua kila kitu, na asubuhi anakuta maji yametuama pale mpira ulipojikunja. Hapo wengi huamua moja kati ya mawili: kwamba mashine ni mbovu, au kwamba chombo chake cha maji ya kutia hewa unyevu hakifai na kizimwe kabisa. Maamuzi yote mawili yana kasoro, na hilo la pili huweza kumgharimu mgonjwa tiba yake. Maji hayo ni mvuke uliokutana na baridi njiani, na anayetaka kuyamaliza aondoe baridi kwanza kabla hajagusa unyevu.

Ili kuona kwa nini jambo dogo kama hili linastahili kushughulikiwa, tukumbuke kazi ya mashine yenyewe. Kwa mwenye tatizo la kukatika pumzi usingizini, misuli ya koo hulegea alalapo, njia ya hewa huziba kwa sekunde kumi au zaidi, oksijeni hushuka kwenye damu, na ubongo humshtua ili avute pumzi. Hali hiyo hujirudia usiku kucha, mara nyingi bila mwenyewe kujua. Anayejua ni mwenzake wa chumbani, anayemsikia akikoroma, akinyamaza, kisha akivuta hewa kwa kishindo. Mwaka 1980, daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alionyesha kwamba mkondo wa hewa yenye shinikizo dogo ukipitishwa puani huifanya njia hiyo ibaki wazi, na mwaka 1981 yeye na wenzake wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Leo hiyo ndiyo tiba kuu ya tatizo ambalo, kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019, linawakabili watu wapatao milioni 936 duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 69. Lakini ni tiba inayofanya kazi pale tu inapovaliwa. Anayeivua saa kumi usiku anaivua wakati mbaya kabisa, kwa sababu usingizi wa ndoto, ambao kwa wagonjwa wengi ndio unaoziba pumzi zaidi, huja kwa wingi kuelekea alfajiri. Na alfajiri hiyo hiyo ndipo chumba kinapokuwa na baridi kuliko saa nyingine zote.

Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 30 za Selsiasi inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke. Kwenye nyuzi 20 uwezo huo hushuka hadi gramu 17, na kwenye nyuzi 10 hubaki gramu 9 tu. Hewa ikipoa kupita uwezo wake, mvuke unaozidi hugeuka maji juu ya kitu chochote baridi kilicho karibu. Ndivyo chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotoa jasho mezani ingawa haikuvuja hata kidogo. Kwenye CPAP jasho hilo hutokea upande wa ndani. Maji ya kwenye chombo hupashwa moto na sahani iliyo chini yake, hewa hupita juu yake ikachukua joto na mvuke, kisha husafiri kwenye mpira mwembamba wa plastiki wenye urefu wa karibu mita 1.8, uliozungukwa pande zote na hewa ya chumba.

Hesabu rahisi inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo hili. Tuseme hewa inaondoka kwenye mashine ikiwa na gramu 20 za mvuke katika kila mita ya ujazo, na mkondo wake ni lita 30 kwa dakika, kiasi cha kawaida kwa barakoa nyingi zenye shinikizo la wastani. Kwa saa nane zitapita zaidi ya mita 14 za ujazo. Hewa hiyo ikipoa njiani hadi nyuzi 18, inaweza kubeba gramu 15 tu, kwa hiyo gramu 5 za kila mita hazina pa kukaa. Zikidondoka zote, usiku mmoja utaacha mililita 70 hivi. Hata nusu yake ikibaki ndani ya mpira, ni vijiko saba vya chai. Sasa tubadilishe kitu kimoja tu: hewa ile ile, yenye mvuke ule ule, ifike kwenye barakoa ikiwa na nyuzi 23. Kwenye joto hilo inaweza kubeba zaidi ya gramu 20, na hakuna sababu ya hata tone moja kudondoka. Unyevu haukupunguzwa. Kilichobadilika ni nyuzi tano za joto.

Nyuzi hizo tano hupotea kwa namna tofauti kulingana na mahali. Njombe, Makete, Limuru au Nairobi katika miezi ya Juni na Julai, nyumba nyingi hazina cha kupasha vyumba joto, na baridi ya nje huingia hadi kitandani. Hapo mpira hupoa kwa sababu chumba kizima ni baridi, na mtumiaji anayeongeza kiwango cha unyevu kwa sababu pua yake imekauka anajikuta akiongeza maji ya kudondoka. Dar es Salaam, Mombasa au Muscat hali ni nyingine. Hewa ya pwani ni ya joto na tayari imejaa mvuke, na anayelala bila kiyoyozi huenda asione tatizo hili kabisa. Lakini anayewasha kiyoyozi amejitengenezea usiku wa milimani ndani ya chumba chake, na kama upepo wa kiyoyozi au feni unapiga moja kwa moja kwenye mpira, mpira huo hupoa haraka zaidi, na mbele ya kiyoyozi huweza kupoa kuliko hata kipimo cha chumba kinavyoonyesha. Ndiyo maana ushauri wa kuweka namba fulani ya unyevu hauwezi kuwafaa wote. Swali la kwanza ni mpira umepoa kwa sababu gani.

Dawa iliyo kamili zaidi ni mpira wenye nyaya za joto, ambao hupashwa na mashine yenyewe katika urefu wake wote ili hewa isipoe njiani. Ambaye hana anaweza kupata sehemu kubwa ya faida hiyo kwa kuuvalisha mpira wa kawaida gamba la kitambaa kizito. Fundi cherehani yeyote anaweza kulishona kutoka kipande cha blanketi, kwa zipu au vifungo ili livuliwe na kufuliwa. Mpira ukipitishwa chini ya blanketi pamoja na mwili wa mlalaji, hupata joto lake bure. Kiyoyozi kikipandishwa nyuzi mbili au tatu, na feni ikageuzwa pembeni, pengo la joto hupungua mara moja. Mashine nayo iwekwe chini kuliko kichwa cha mlalaji, juu ya kistuli kifupi kando ya kitanda, ili matone yanayojitokeza yarudi kwenye chombo badala ya kuteremkia usoni. Hayo yakishafanywa na maji bado yanatokea, ndipo kiwango cha unyevu kishushwe hatua moja, kisha mtumiaji alale siku mbili tatu kabla ya kushusha tena. Kiwango cha unyevu na joto la mpira ni vya mtumiaji kurekebisha. Shinikizo la hewa ni la daktari, na lisiguswe kwa sababu ya maji.

Maji yanayoonekana ndani ya barakoa pekee, huku mpira ukiwa mkavu, yana chanzo cha ziada. Pumzi inayotoka puani ina joto la zaidi ya nyuzi 30 na imejaa mvuke, nayo hugonga ukuta wa barakoa uliopoa. Hivyo barakoa inaweza kulowa hata chombo cha maji kikiwa kimezimwa, na huo ni ushahidi kwamba kukata unyevu peke yake hakumalizi tatizo. Kinachosaidia hapa ni chumba chenye joto zaidi kidogo, na matundu ya kutolea hewa yaliyo safi, kwa sababu yakiziba pumzi yenye mvuke hukaa ndani muda mrefu. Kwa sababu hiyo hiyo, kitambaa chochote kinachotumika kukinga baridi kisifunike matundu hayo, wala mahali mashine inapovutia hewa.

Atatokea wa kusema kwamba njia fupi ni kuzima chombo cha maji. Bila mvuke hakuna maji kwenye mpira, na mashine za mwanzo zilifanya kazi bila chombo hicho. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kwa anayelala pwani bila kiyoyozi, hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 tayari ina zaidi ya gramu 21 za mvuke kwa mita ya ujazo, na huyo anaweza kuishi vizuri na kiwango cha chini au sifuri. Lakini hewa ya usiku wa nyuzi 12 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 11, hata ikijaa kabisa. Anayepuliziwa hewa hiyo usiku kucha anailazimisha pua yake kufanya kazi kubwa, na akiwa analala mdomo wazi hewa huingia puani na kutokea mdomoni bila kurudisha unyevu wowote. Utafiti uliochapishwa na madaktari wa Sydney mwaka 1996 ulionyesha kwamba hali hiyo huifanya pua ivimbe ndani na kubana, na kwamba hewa ikipashwa joto na kutiwa unyevu wa kutosha, kubana huko huzuiwa kwa kiasi kikubwa. Pua ikibana, mdomo hufunguka zaidi, hewa huvuja zaidi, na mgonjwa hurudi pale pale pa kuvua barakoa. Anayezima unyevu ili akwepe maji amebadilisha kero moja kwa nyingine iliyo ngumu zaidi kuigundua.

Pingamizi la pili ni gharama, na ni la haki. Mpira wa joto ni ghali, haufai kila mashine, na mashine nyingi hununuliwa kwa jasho la familia nzima. Hata hivyo, kitambaa, blanketi, kistuli kifupi na kugeuza feni havihitaji duka la vifaa vya hospitali. Pingamizi la tatu ni hofu kwamba maji hayo yataleta maradhi. Maji safi yaliyotoneka usiku mmoja si sumu, ila yakiachwa yatuame siku baada ya siku huweza kuotesha ukungu na bakteria. Kila asubuhi chombo kimwagwe maji yaliyobaki. Mpira na barakoa vioshwe mara kwa mara kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, kisha mpira utundikwe kivulini hadi ukauke. Mashine isihamishwe ikiwa na maji ndani, yasije yakaingia kwenye mota. Maji ya kutia ni yale yaliyokenekwa kutoka duka la dawa, na yakikosekana, yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya betri ya kwenye vituo vya mafuta yaepukwe, maana hayakuandaliwa kwa kuvutwa na binadamu, na madumu yake hukaa rafu moja na ya asidi. Vifaa vinavyodai kusafisha CPAP kwa ozoni au mwanga wa urujuanimno navyo si vya kukimbilia. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari juu yake Februari 2020.

Basi lawama za maji haya zisimwangukie mgonjwa, wala mashine yake. Wanaouza na wanaotoa mashine hizi wana wajibu ambao hautekelezwi vya kutosha: kumweleza mtu, kwa lugha anayoielewa na kabla ya usiku wake wa kwanza, kwamba maji huenda yakatokea, kwa nini yanatokea, na aanzie wapi. Wamuulize analala chumba cha namna gani, kama anatumia kiyoyozi, kama nyumba yake iko milimani au pwani, kisha wampangie joto na unyevu kulingana na majibu. Mazungumzo hayo huchukua dakika kumi. Yakifanyika, mgonjwa anayesikia maji yakibubujika alfajiri atajua kwamba mpira wake umepoa, ataufunika, na atarudi kulala na barakoa usoni.