Exetat: gesi haionekani, lakini inajulikana

Wakati wa Exetat ukikaribia, wafinalisti wa Lubumbashi wanarudi kwenye kurasa za kemia: utajuaje gesi iliyo ndani ya neli? Masomo mengi hayana labo, basi mtoto anakariri asichokiona. Hapo njo anachanganya.

Tuanze na kijiti. Chenye moto kikifikishwa kwenye mdomo wa neli ya haidrojeni, inalia "pwa!". Kilichozimwa, kikabaki na kaa jekundu tu, oksijeni inakiwasha tena. Kijiti kikizimika kabisa, usikimbilie kuandika kaboni dioksidi. Naitrojeni nayo inazima moto.

Halafu karatasi ya litimasi. Lazima iloweshwe, kwani gesi kavu haiigeuzi rangi. Amonia inageuza nyekundu kuwa buluu. Klorini, yenye rangi ya kijani-njano, inapausha karatasi mpaka inabaki nyeupe.

Kaboni dioksidi inajulikana kwa maji ya chokaa: yanakuwa meupe kama maziwa, na gesi ikizidi yanarudi kuwa maangavu. Lakini angalia mtego: salfa dioksidi pia inafanya vile vile! Ili kuzitenganisha, tumia karatasi ya dikromati ya potasiamu yenye asidi. Salfa dioksidi inaitoa kwenye rangi ya chungwa na kuifanya kijani. Kaboni dioksidi haiigusi.

Salfa dioksidi si mgeni kwa mji wa shaba. Union Minière ilianza kuyeyusha shaba hapa Lubumbashi mwaka 1911, na mawe ya shaba yenye salfa yakichomwa, gesi hiyo inatoka. Inakaba koo na kukohoza. Kwa hiyo usiweke pua juu ya neli. Peperusha hewa kidogo kwa mkono.

Inabaki moja ambayo pua haiwezi kuisaidia: kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haigeuzi litimasi wala maji ya chokaa. Inatoka kwenye makala yanayowaka bila hewa ya kutosha. Mbabula ndani ya chumba kilichofungwa usiku wa baridi wa mwezi wa sita inaweza kuua watu wakiwa usingizini. Kichwa kikiuma na kizunguzungu kikianza, tokeni wote nje haraka. Na kabla ya kulala, mbabula itoke nje, hata kama makala yanaonekana yamekwisha kuzimika.