Kuongeza Chumba Katika Hoteli ya Chai
Shauri kwa wenye hoteli wa Kanja na masoko mengine

Kanja ni soko la Kaunti ya Embu, upande wa Runyenjes, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katika nchi ya chai na kahawa. Asubuhi huko kuna baridi, wala mtu aliyetoka shambani hapendi kunywa chai yake nje. Kwa sababu hiyo hoteli ndogo hujaa upesi, na mwenye hoteli aonapo wateja wakirudi mlangoni kwa kukosa mahali pa kuketi, huwaza mara moja kuongeza chumba. Wazo hilo ni jema. Lakini wengi huanza kwa kumwita fundi, na hapo ndipo hasara ianziapo, kwa maana fundi siye mtu wa kwanza wa kuitwa.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo ya kuwa ruhusa ya kujenga hutolewa na Serikali ya Kaunti. Katiba ya mwaka 2010 iliweka kazi ya kupanga miji na masoko mikononi mwa kaunti, na kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Kisha Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 ikasema wazi ya kuwa mtu asianze kujenga kabla ya kupewa ruhusa. Na kuongeza chumba ni kujenga. Aliyeanza bila ruhusa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa muda usiozidi miezi 2, au kupata adhabu zote mbili. Tena aweza kuamriwa kukirudisha kiwanja katika hali yake ya kwanza ndani ya siku 90. Kwa mwenye hoteli ya chai, nadhani neno hili la mwisho ndilo liumalo zaidi. Amemlipa fundi kujenga, sasa amlipe tena kubomoa, na mawe na saruji alivyonunua kwa akiba ya miaka mingi haviwezi kurudishwa dukani.

Wako wasemao, "Ploti ni yangu na fedha ni zangu, kaunti yaniingilia kwa nini?" Swali hili ni la haki na lastahili jibu. Katika soko, ploti zimepangwa bega kwa bega. Moshi wa jiko lako huingia dukani kwa jirani, na maji yako ya kuoshea vyombo huteremka kwake, hasa katika nchi ya miteremko kama Kanja. Moto ukishika kwako haumwulizi mtu mpaka. Mwaka 1902, tauni ilipoingia Nairobi, mtaa wa maduka uliokuwa umesongamana ovyo uliteketezwa kwa amri, na wenye mali wasio na hatia wakapoteza pamoja na wenye makosa. Na si mambo ya zamani tu. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, wakafa watu wapatao 50. Nalo lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa halifai kukaliwa. Kweli hoteli ya Kanja si ghorofa. Hata hivyo ndani yake kuna moto uwakao tangu alfajiri, sufuria za mafuta yachemkayo, na watu 20 au 30 wanaotegemea mlango mmoja.

Basi afanyeje mtu huyu? Kwanza na atazame karatasi zake za ploti. Karatasi hizo ndizo zitakazoulizwa kwanza afisini, iwe ni hati ya kumiliki au barua ya kugawiwa ploti, pamoja na ushahidi ya kuwa kodi ya ploti imelipwa. Asome pia ploti ilitolewa kwa kazi gani. Ikiwa ilitolewa kwa duka, naye anapika, basi liko jambo jingine la kuombea ruhusa, yaani kubadili matumizi ya kiwanja. Na ni heri alimalize mapema kuliko kukutwa nalo katikati ya safari.

Hapa panahitaji onyo. Wenye hoteli wengi ni wapangaji. Mpangaji hawezi kuomba ruhusa juu ya ploti isiyo yake. Sharti mwenye ploti akubali na atie sahihi. Tena mpangaji aongezaye chumba kwa fedha zake mwenyewe na ahakikishe kwamba yako maandishi kati yao yasemayo chumba ni cha nani, na kodi itakuwa kiasi gani kikiisha kujengwa. Pasipo maandishi hayo, aweza kujenga mwaka huu, na mwaka ujao akaambiwa kodi imepanda kwa sababu hoteli sasa ni kubwa.

Jambo la pili ni mipaka. Mpima ardhi na aonyeshe bikoni ziko wapi, kwa maana mara nyingi ua au mti ambao watu wameuzoea kuwa mpaka sio mpaka. Hatari kubwa zaidi iko upande wa mbele, barabarani. Maduka mengi ya masoko yetu yana baraza mbele yake, yaani mahali penye nguzo na paa ambapo watu hupita wakati wa mvua na wazee hukaa kuzungumza. Mwenye hoteli aliyebanwa hutazama baraza hiyo, akasema moyoni, "Nikiziba hapa kwa mabati au wavu nimepata meza nne." Ni njia rahisi, nayo ndiyo iletayo ugomvi mwingi. Baraza ikizibwa, mwenye kupita kwa miguu hushuka barabarani kati ya pikipiki na magari. Na kama sehemu hiyo iko ndani ya ardhi ya barabara, hakuna ruhusa itakayoiokoa siku barabara itakapopanuliwa. Heri kupanua upande wa nyuma, hata kama si upande wa kupendeza.

Baada ya hayo ndipo mchoro. Mchoro unaotakiwa hauwezi kuwa ule unaochorwa na fundi kwa kijiti mchangani. Huchorwa na mtaalamu wa majengo aliyeandikishwa kwa sheria, na ikiwa kuna zege, ghorofa au kuta za kubeba uzito, mhandisi aliyeandikishwa naye hutia sahihi. Mwombe mtu huyo akuonyeshe cheti chake cha mwaka huu. Hatakasirika akiwa nacho. Mchoro huonyesha ploti nzima na mipaka yake, jengo la zamani, chumba kipya kilichotiwa alama ili kisichanganywe na la zamani, milango, madirisha, paa, na njia ya maji. Gharama yake huwaogofya watu. Lakini penseli hufutika na ukuta haufutiki. Kasoro iliyoonekana katika karatasi husahihishwa kwa saa moja.

Mwenye hoteli asimwachie mchoraji kila kitu, kwa kuwa mchoraji hajapika hata siku moja katika jiko lile. Amweleze moshi hutoka wapi sasa, na kama bomba la moshi litapita karibu na mbao za paa. Amweleze kuni au makaa huwekwa wapi. Amwonyeshe mahali pa kuoshea vyombo na yale maji yenye mafuta yaendako, kwa maana afisa wa afya atauliza hilo kabla ya kuuliza rangi ya kuta. Chumba kipya kikiongeza wateja 20, je, choo kilichopo chatosha? Na iwapo chumba hicho kitaziba dirisha la jikoni, hewa itaingia kwa njia gani? Katika nchi ya baridi watu hupenda kufunga kila tundu, na moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa huua bila kutoa harufu kali. Tena mlango wa pili, ufungukao kwa nje na usiowekewa magunia ya viazi mbele yake, ni kitu kidogo katika mchoro na kikubwa siku ya moto.

Mchoro ukiwa tayari, maombi hupelekwa katika afisi ya mipango ya kaunti pamoja na nakala za karatasi za ploti na ada. Ada hupangwa na kaunti kwa sheria yake ya fedha, kwa hiyo uliza kiasi cha mwaka huu, wala usitegemee alicholipa rafiki yako zamani. Lipa kwa njia iliyoamriwa na uchukue risiti. Fedha uliyompa mtu mkononi pasipo risiti si ada, hata kama mtu huyo amevaa tai. Maombi hayo hutazamwa si na afisi moja tu, bali na maafisa wa ardhi, wa barabara, wa afya na wa mazingira, kila mmoja kwa fani yake. Watapima mchoro kwa Kanuni za Ujenzi pia. Zile za mwaka 1968 zilitumika zaidi ya miaka 50, na kanuni mpya za taifa zilizotolewa mwaka 2024 zilianza kutumika mwezi Machi 2025. Kwa hiyo mchoro wa zamani uliowekwa kabatini wahitaji kutazamwa upya na mtaalamu. Papo hapo uliza kama kazi yako yahitaji kuandikishwa kwa Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi na kwa NEMA, yaani mamlaka ya mazingira, ili usisimamishwe kazi ikiwa nusu.

Sheria ya 2019 ina kifungu kimoja ambacho watu wachache hukijua, nacho ni cha kumsaidia raia. Ikiwa siku 60 zimepita tangu maombi yalipopokewa na mwombaji hakupewa jibu lolote kwa maandishi, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Ndiyo maana nakala yako ya maombi ipigwe muhuri wenye tarehe siku ile ile unapoyapeleka. Pasipo muhuri huna mahali pa kuanzia kuhesabu. Hata hivyo, kunyamaza kwa afisi hakuhalalishi ukuta mbovu wala choo kibovu, na mwenye busara huenda kuuliza kabla siku hizo hazijatimia.

Hesabu hii ya siku yaambatana na mvua. Embu hupata mvua ndefu tangu Machi hadi Mei, na mvua fupi tangu Oktoba hadi Desemba. Atakaye kuchimba msingi mwezi Januari, udongo ukiwa umekauka, na apeleke maombi yake si baada ya Oktoba. Wengi huamka Desemba, wakijua kuwa likizo italeta wateja, na kisha hujenga haraka haraka bila karatasi.

Huenda jibu likawa la kukataliwa, au la kukubaliwa kwa masharti. Usikasirike kwanza, soma sababu. Mara nyingi ni dirisha, choo, au mita chache za mpaka, na mchoro ukirekebishwa hurudishwa. Lakini ukiona umedhulumiwa, waweza kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya mipango, katika muda wa siku 14 tangu uamuzi kutolewa. Na baada ya hapo iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache, na barua iliyokaa mfukoni mwa koti wiki mbili imekwisha kupoteza haki yako.

Ruhusa ikipatikana, fundi na aitwe. Mpe nakala ya mchoro, nawe uwe na nyingine pale kazini, kwa kuwa mkaguzi akija ataiuliza. Mwite mkaguzi autazame msingi kabla haujafunikwa. Fundi akisema, "Tusogeze ukuta huu kidogo, hakuna atakayejua," mjibu kwamba ukuta husogezwa katika karatasi kwanza. Kazi ikiisha, chumba hukaguliwa tena kabla ya meza kuingizwa, na leseni ya chakula iangaliwe pia kwa kuwa hoteli sasa si ile iliyoandikwa. Wapishi na wahudumu wapya, kama wa zamani, sharti wawe na vyeti vya kupimwa afya.

Limebaki swali la wale ambao chumba chao kimekwisha kusimama bila ruhusa, nao ni wengi kuliko wanaokubali kusema. Hao wasingoje barua ya kuzuia au ya kubomoa. Na waende kwa mtaalamu apime kilichopo na kukichora kama kilivyo, kisha wapeleke mchoro huo afisini wakieleza ukweli. Hakuna ahadi ya kuwa watakubaliwa. Chumba kilichosimama juu ya ardhi ya barabara au juu ya mfereji hakitakubaliwa. Lakini chenye kasoro ya dirisha au bomba la moshi chaweza kurekebishwa. Na ikiwa barua ya amri imekwisha kufika, tarehe iliyoandikwa juu yake ndiyo ya kutazamwa kwanza, kwa maana siku za rufani zimekwisha kuanza kuhesabiwa.